Breki Ziko Nyuma

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya makochi. Kurasa saba za mwanzo zina upana wa viti vya watu, na ukijua upana wa kiti cha mtu umejua na mambo yake mengine, kwa hiyo nimezibana kwa pini nisiivunjie mitaa heshima. Kuanzia hapa ni daftari la safari. Mama Mkate amesema kila msafara lazima uwe na mwandishi. Akatutazama mmoja mmoja, na kabla hajamaliza kutazama nikawa nimeshakubali. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, tusibishane, lakini mwandiko wangu daktari akiuona anaficha wake.

Safari ni hii: watu wanne, baiskeli, siku nne, kutoka karakana yangu mpaka mji anaokaa binti wa Dereva. Mvua zikiisha tunaondoka. Mimi ni fundi makochi, sihitaji maelezo zaidi. Mama Mkate ni mjane anayesambaza mikate kwa baiskeli kila asubuhi, mwaka wa kumi na nne huu, na ana miguu ya kung'oa mlango. Cheche ni fundi wa kuchomelea vyuma, tunagawana ukuta. Huongea kama mtu anayenunua maneno rejareja. Wa nne ni Dereva mwenyewe.

Dereva haoni. Aliendesha lori miaka thelathini na moja, kisha macho yakazimika, kwanza la kulia, halafu la kushoto, kama taa za gari lenye betri mbovu. Tangu mkewe afariki anakaa kwenye chumba cha nyuma ya karakana yangu. Mwezi uliopita aliungua mkono na birika. Binti yake, ambaye ni nesi, akapiga simu: "Baba, imetosha. Jumapili ya tarehe 19 Mei nakuja na gari kukuchukua, ukae kwangu."

Dereva alisogeza kikombe chake cha chai pembeni.

"Kuchukuliwa," akasema. "Mimi nimechukua saruji, nimechukua ng'ombe, nimechukua jeneza mwenyewe akiwemo ndani. Mzigo naujua. Unafungwa kamba, unafunikwa turubai, ukifika mtu anasaini karatasi kwamba ameupokea. Kwa mwanangu nitakwenda. Sitapelekwa."

"Utakwenda na nini?" nikamuuliza.

"Wewe si una baiskeli?"

Basi ndiyo hivyo. Mama Mkate akauliza nani anaijua njia, mtu mwenye macho, samahani Dereva. Nikasema mimi. Ujanani nilikuwa utingo wa Dereva miaka mitatu, juu ya mizigo, jua na mvua, na barabara ile naijua kama kiganja changu. Dereva akatabasamu. Sijui alikuwa anatabasamia nini.

Jumatatu, 4 Machi

Mvua.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mteja kaleta kochi lililonyeshewa, anasema nilimuuzia hivyo hivyo.

Jumamosi, 9 Machi

Cheche amezaa. Amechukua baiskeli mbili kuukuu, akazikata, akaziunga, imetoka moja ndefu kama uongo wa mwanasiasa. Siti mbili, usukani mbele, nyuma kuna bomba la kushikilia tu. Pedali zimeunganishwa kwa mnyororo, kwa hiyo wa mbele akikanyaga na wa nyuma anakanyaga, apende asipende. Nikamwambia hii ni ndoa. Cheche akasema, "Ndoa ina talaka." Hayo ndiyo maneno yake ya wiki.

Siti nimezitengeneza mimi. Sponji ya inchi tano, kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, vifungo sita kila moja. Rais wa nchi yoyote angekaa pale asidai zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Nimechora ramani kwa chaki juu ya kitambaa cha kufunikia mgongo wa kochi. Madaraja, kona, milima, visima. Mama Mkate aliitazama sana. Akauliza, "Huu mlima mbona uko katikati ya mto?" Nikamwambia ndio uzuri wa nchi ile.

Jumamosi, 16 Machi

Jaribio la kwanza. Naandika ukweli kwa sababu Mama Mkate ameahidi kusoma.

Siti zangu ni nzuri mno. Ni pana kiasi kwamba mapaja hayafiki chini yanakotakiwa, ukikanyaga pedali unatembea kama bata. Halafu mvua ikaja, na sponji ya inchi tano ikinywa maji haisazi. Tulirudi tumekaa juu ya ndoo mbili za maji. Kila shimo tulilopita, maji yalituruka mpaka mgongoni. Dereva akasema, "Utingo, nimesafirisha samaki waliokaa pakavu kuliko mimi."

Mama Mkate ndiye aliyecheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Nimezipunguza mpaka inchi moja. Vifungo nimeviacha. Mtu lazima awe na msimamo.

Jumapili, 24 Machi

Nesi amenipigia mimi. "Shikamoo baba mdogo. Nasikia mnafanya mazoezi."

"Marahaba mwanangu. Ya kunyoosha viungo tu."

"Viungo vya baba yangu viko sawa. Macho ndiyo hayako sawa. Hiyo barabara ina malori. Baba mdogo, nakuomba, usimpe tamaa."

Nimeandika hapa kwamba huyu mtoto ni askari magereza. Nilimbeba akiwa mchanga, leo anataka kumfungia baba yake kwenye sebule yenye pazia. Tutakwenda. Hata akiweka kizuizi cha matofali, tutakwenda.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Dereva anakaa karakanani akinikunjia kitambaa. Anakunja sawasawa kuliko mimi ninayeona, nimemwambia asitangaze.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Mke wangu hasemi lolote kuhusu safari. Mwanamke yule akinyamaza, funga madirisha.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumeanguka.

Tulitoka asubuhi wote wanne kujaribu nusu ya siku ya kwanza. Mvua ilikuwa imepumzika. Mama Mkate mbele na kengele yake, Cheche nyuma na vyuma vyake, sisi katikati, mimi nikipiga hadithi. Nilikuwa nikimsimulia Dereva jinsi nilivyowahi kupishana na simba kwenye barabara hii hii. Daraja la kwanza tukalipita. Daraja la pili tukalipita. Mvua ikaanza tena, nzito, ya upande. Nikasema, "Mbele kumenyooka, kaka, tuipe moto!"

Nikakanyaga. Mara pedali zikagoma. Zikasimama kabisa, kama mtu ametia chuma, na mimi bado nakanyaga kwa nguvu zote. Usukani ukaenda kwake, mimi nikaenda kwangu. Tulikwenda chini wote, yeye akatangulia kwa kichwa.

Lori likapita. Sitaandika lilipita umbali gani.

Mama Mkate alitukokota mpaka kwenye kibanda kitupu cha kuuzia mkaa. Nyusi ya Dereva ilikuwa imefunguka, damu inashuka na maji ya mvua. Goti langu limechubuka, lakini hilo ni goti. Cheche akaondoka mbio kutafuta gari, Mama Mkate akaenda kuisimamisha ile baiskeli. Tukabaki wawili.

"Umefanya nini wewe?" nilimfokea. Naona aibu kwamba nilimfokea. "Kwa nini umezuia pedali?"

"Nilibana breki."

"Breki gani? Huna breki!"

"Mguu haujui kama sina." Akajifuta. "Baada ya daraja la pili kuna kona ya kulia, kisha mteremko mfupi, kisha kona ya kushoto yenye mawe. Mguu umebana pale miaka thelathini na moja. Wewe ulisema kumenyooka."

Sikuwa na la kusema, na hiyo kwangu ni ajali ya pili kwa siku moja. Mvua ilikuwa inagonga bati. Nikaona potelea mbali.

"Kaka, njia hii siijui."

"Ehe."

"Miaka mitatu juu ya mizigo nilikuwa nalala. Tukipakia napanda, navuta turubai, nashtuka tukifika. Simba sikumwona. Madaraja sikuyaona. Ile ramani nimechora kichwani mwangu."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Utingo, ulikuwa unakoroma. Safari ya kwanza nilisimamisha lori, nikafungua boneti, nikatafuta kilichovunjika."

Nikataka kucheka, nikashindwa. "Sasa kwa nini hukusema mbele ya wenzetu?"

"Ningesema, wangetafuta mwingine wa kukaa mbele. Mimi sitafuti anayeijua njia. Njia ninayo mimi, yote, mpaka mashimo. Natafuta wa kuniambia anachokiona. Pale kabla hatujaanguka, ulikuwa unaona nini?"

"Maji na pua yangu."

"Basi ungesema hivyo. Ningekwambia yaliyobaki."

Nyuzi tatu kwenye nyusi. Zahanati nzima ilimsikia akimsahihisha mshonaji, eti fundi makochi wake angeshona kwa mbili.

Jumapili, 7 Aprili

Habari imefika. Nesi hakuniamkia. "Baba mdogo, mimi nilikuwa nakuheshimu." Akakata simu. Nimeitazama simu kama saa nzima.

Jumatatu, 8 Aprili

Gurudumu la mbele la baiskeli ndefu limepotea. Cheche hajui. Mama Mkate hajui. Mke wangu anapepeta mchele akiimba. Yeye haimbi.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo nimekaa kwenye kochi la nyumbani kwangu, nililolishona kwa mikono yangu mwaka ule wa harusi ya dada, na kitu kimenichoma mgongoni. Nikapapasa. Spoku.

Mke wangu alifumua kitambaa cha nyuma, akaingiza gurudumu zima, akashona tena. Mishono safi, imelala kama mchwa kwenye mstari. Nilishikwa na hasira na fahari kwa wakati mmoja, maana aliyemfundisha kushona ni mimi.

"Mama watoto, toa gurudumu."

"Sitoi."

"Safari iko palepale. Hata kwa gurudumu moja tutakwenda."

"Nenda. Yule mzee akifa nyuma yako, utaandika nini kwenye hilo daftari? Kwamba mlipishana na simba?"

Nikamweleza kila kitu. Kuhusu kulala, kuhusu kona, kuhusu mguu unaobana breki ambayo haipo. Nilidhani atanipiga na ungo. Akauweka chini.

"Breki anashika nani?"

"Mimi. Ziko kwenye usukani."

"Kwa nini wewe? Miaka ishirini na tisa nakaa na wewe, sijawahi kukuona ukisimama. Wewe ukianza, umeanza. Anayejua mahali pa kusimama ni nani kati yenu?"

Nikamletea mkasi.

"Mpe breki mwenye akili," akasema. "Wewe ona na uongee, hayo unayaweza." Akachukua mkasi, akafumua kochi mwenyewe.

Ijumaa, 12 Aprili

Cheche amehamisha breki zote mbili nyuma, kwenye lile bomba. Sasa mimi nina usukani bila breki, Dereva ana breki bila usukani. Cheche akaitazama kazi yake. "Sasa ndiyo ndoa," akasema.

Jumamosi, 13 Aprili

Sijawahi kuogopa hivi tangu nizaliwe, na nimezaliwa zamani. Kushuka barabara ya sokoni vidole vyangu vinatafuta breki, hamna kitu, upepo mtupu. "Unaona nini?" anauliza. Mkokoteni kushoto, hatua thelathini. Dimbwi. Mama na mtoto wanataka kuvuka, hawajaamua. Nasema ninachoona, na nyuma yangu breki inashika taratibu, kama mtu anayekuwekea mkono begani. Mguu wake haukuzuia pedali hata mara moja. Mkono ulikuwa na kazi, mguu ukatulia.

Jioni nilifuta ramani yangu. Mama Mkate akachora nyingine, Dereva akisema, yeye akiandika. Mlima umetoka mtoni.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Tulikwenda hivyo hivyo.

Jumamosi, 27 Aprili

Mara ya sita hatujaanguka. Duka la pembeni wameacha kutoka nje kutuangalia. Dharau hiyo nimeipenda.

Jumapili, 5 Mei

Kijana mmoja wa mtaani alitupigia kelele, "Babu, mnapelekana wapi? Kaburini?" Dereva akabana breki, tukasimama mbele yake. "Ndiyo," akamwambia, "ila tunapita kwanza kwa mama yako kumsalimia." Tukaondoka.

Jumapili, 12 Mei

Mvua zinakatika. Nilishauri tuondoke kimyakimya Jumatano. Dereva akakataa. "Anayetoroka ni mwizi au mtoto. Mimi naaga." Akapiga simu mwenyewe, akasema siku, saa na njia. Nilisikia sauti ya Nesi mpaka pale mlangoni nilipokuwa nimesimama. Mwisho akamwambia, "Mwanangu, sikuombi ruhusa. Nakupa taarifa." Akaweka simu mfukoni.

Jumanne, 14 Mei

Amekuja. Ametoka zamu, akaendesha siku nzima, sare ya kazi bado mwilini. Hakupiga hodi.

"Baba, panga vitu vyako. Tunaondoka asubuhi."

"Mimi pia naondoka asubuhi," Dereva akasema. "Tutakutana kwako."

Nikajitia kati, kama kawaida yangu. "Mwanangu, safari hii hata uweke..."

"Baba mdogo, wewe nyamaza! Nyuzi tatu! Mimi nashona watu kila siku, unajua wangapi wanaletwa kutoka barabara ile? Wangapi nawafunika shuka?" Sauti ikamkatika. Hapo ndipo nilipomwona vizuri. Miezi miwili nilikuwa nikimwandika askari magereza. Alikuwa mtoto aliyetishika.

Nikanyamaza. Mama Mkate ni shahidi.

Dereva akasema, "Twende nje. Panda siti ya mbele."

"Baba, sina mchezo."

"Wala mimi. Panda."

Sijui kwa nini alipanda. Labda kwa uchovu. Akauliza, "Breki iko wapi?" Dereva akajibu, "Ninayo." Wakaondoka, mimi nikikimbia pembeni kwa goti langu bovu. Mteremko wa sokoni ulipoanza, Nesi akapiga kelele, vidole vikatafuta kama vyangu.

"Unaona nini?" baba yake akauliza.

"Siwezi kusimamisha!"

"Kusimamisha ni kazi yangu. Unaona nini?"

"Gari! Gari jeupe linatoka uani!"

Breki ikashika. Wakasimama hatua tano kabla. Gari likapita, mwenye gari akanyanyua mkono, hajui lolote.

Nesi hakushuka. Alishika usukani, akitazama mbele. "Ulinifundisha hivi," akasema. "Ukishikilia siti nyuma. Nilikuwa nakwambia usiniachie."

"Nilikuachia?"

Kuhusu safari hakusema ndiyo, na sitaandika kwamba alisema. Alirudi kwenye gari, akatoa mfuko wa dawa, akamkabidhi Mama Mkate: hii asubuhi, hii jioni, hii akitokwa jasho. Kisha akasema atatufuata nyuma na gari, taratibu.

"Ukija nyuma yangu na gari narudi kulala," Dereva akasema. "Tangulia. Mtu akisafiri, wa nyumbani huwa anamsubiri nyumbani."

Jumatano, 15 Mei

Tumeondoka. Daraja la pili, kona ya kulia, mteremko mfupi, kona ya kushoto yenye mawe. Nilisema mawe. Alibana.

Alhamisi, 16 Mei

Mlima. Mimi na Mama Mkate tulisukuma, Cheche alibeba mizigo. Kupanda mchongoma kumbe ni rahisi. Kushuka kulichukua imani yangu yote na ya majirani.

Ijumaa, 17 Mei

Nimekaa kimya nusu saa nzima, Mama Mkate akauliza kama naumwa. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nimeshona magodoro ya usufi, uzito wake naujua. Huyu mtu nyuma yangu si mzito. Uzito ni wa Jumatatu, nikirudi na siti tupu. Sikumwambia. Aliuliza, "Unaona nini?" nikasema, "Vumbi." Akasema, "Hata mimi."

Jumamosi, 18 Mei

Tumefika saa tisa alasiri. Dereva aliujua mtaa kwa harufu ya kiwanda cha sabuni, na nyumba aliijua kwa hatua. Breki alibana mwenyewe, tukasimama katikati ya mlango kama lori lililoegeshwa na bwana harusi. Nesi alikuwa kibarazani, amesimama. Nadhani alikuwa amesimama tangu Jumatano.

Dereva hakushuka. Akagonga bomba. "Utingo! Karatasi. Mzigo umefika, usainiwe."

"Baba," Nesi akasema, akilia na kucheka, "mzigo gani? Mbona sioni mzigo?"

"Huyu hapa mbele. Siku nne namleta. Ana kelele kuliko ng'ombe."

Sikuwa na karatasi nyingine, nikampa daftari hili. Yanayofuata ameandika yeye, ndiyo maana mwandiko ni mbaya.

*Nimepokea fundi makochi mmoja, mchafu, goti lina kovu, mdomo mzima. Ameletwa na baba yangu.*